Paipu Mbili Juu ya Shimo la Mawe

Kayaki ilimpindua ndugu yangu mkubwa kabla hajamaliza tusi alilokuwa akinirushia. Nusu ya tusi ilitoka, nusu aliimeza pamoja na maji. Nilikuwa nimesimama kwenye ukingo wa mwamba, maji yakinifika magotini. Nikamkamata kwa ukosi wa shati na kumburuta hadi kwenye mawe kama gunia la viazi. Alipopata pumzi alinipiga. Alirusha ngumi kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa ana mguu mmoja, alianguka pamoja na ngumi yake, akajigonga kidevu kwenye jiwe. Damu ikachirizika hadi kifuani.

Alikaa hapo akitema maji. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Jumamosi ya wiki ijayo narudi. Hii kitu yako ikinipindua tena, wacha inipindue. Lakini narudi, na nafika katikati."

Nilimjua. Angerudi. Hajui kuogelea, na pale katikati kuna kina cha kumeza nyumba ya gorofa tatu. Nilikuwa na siku kumi za kuizuia kayaki isimuue.

Lile shimo liko kati ya Ruiru na Thika, nyuma ya mashamba ya kahawa ambayo siku hizi yanakatwakatwa kuwa ploti. Tulipokuwa vijana shimo hilo lilikuwa machimbo ya mawe ya kujengea. Nyumba nyingi za kupangisha kule kwetu Gitothua, Ruiru, zilitoka humo, jiwe baada ya jiwe. Ndugu yangu alianza kazi hapo wiki ile ile aliyomaliza kidato cha nne, na kazi ilimfaa, kwa sababu alikuwa mtu wa kupiga. Mchana kutwa alipiga mwamba kwa nyundo ambayo mimi niliinua mara moja na kuirudisha chini polepole. Akitoka kazini alipiga watu. Sokoni Ruiru alimvunja mtu meno mawili kwa sababu mtu huyo alinivua kofia kichwani. Tulipofika nyumbani alinipiga mimi, kwa sababu kofia ilikuwa yake. Sikumchukia. Kwetu asiyepigwa ni yule ambaye hakuna anayemkumbuka.

Hata hivyo nilizitoroka zile ngumi. Nimeishi Naivasha, nimeishi Kisumu, nimeishi Malindi na Kilifi, na miji mingine ambayo nilikaa muda wa kuchakaza jozi moja ya viatu tu. Kila nilipofika nilianza kukumbuka Ruiru, na kila niliporudi Ruiru nilianza kutafuta begi. Nilikuwa Pwani siku jiwe lilipokatika. Asubuhi hiyo walikuwa wameupasua mwamba kwa baruti, na kipande kikubwa kama pikapu kikabaki kimening'inia bila mtu kukiona. Kilishuka wakati ndugu yangu amekaa chini anakunywa chai. Kilimchukua mguu wa kulia, karibu wote, kikaukalia. Wenzake walimtoa yeye. Mguu haukutoka. Hapakuwa na mashine ya kuinua jiwe kama lile, na mwenye machimbo hakuileta. Miaka michache baadaye mawe mazuri yaliisha. Pampu zilizokuwa zikinyonya maji ya chini zikazimwa na kubebwa, na shimo likajaa. Mtu fulani akamwaga humo vifaranga vya kambare. Wakanenepa.

"Hao kambare walikula mguu yangu," ndugu yangu hupenda kusema. "Na mimi nitawakula."

Si jambo dogo kwetu. Mama ni Mkikuyu wa zamani, na kwake samaki ni binamu wa nyoka. Ndugu yangu alipoanza kuvua akiwa ukingoni, mama alimpa sufuria moja kuukuu isiyo na mfuniko, akamwambia apikie nyuma ya choo na kijiko kisirudi ndani ya nyumba. Ukingoni alipata wadogo. Wakubwa wako katikati, juu ya lile jiwe lililomchukua mguu, na hao ndio alitaka. Hakuwahi kuniambia alitaka nini kingine huko, na mimi sikuuliza.

Mwaka jana nilirudi kutoka Kilifi na kayaki ya plastiki ya manjano, ya mtu mmoja, yenye matundu nyuma ya kiti ya kuchomekea fimbo za kuvulia. Nilikuwa nimeipata katika hoteli ndogo iliyokuwa ikifungwa, nikaipandisha juu ya lori la nazi hadi Ruiru. Majirani waliiita jeneza. Mwenye kioski aliniuliza marehemu alikuwa mwembamba kiasi gani.

Mwenye miguu miwili hukaa kwenye kayaki kwa makalio na mapaja. Ikilalia upande huu, unaikandamiza kwa paja la upande ule bila hata kufikiri. Ndugu yangu hana paja la upande ule. Uzito wake wote uko kushoto, na kayaki ililijua hilo kabla yake.

Dawa yake nilikuwa nimeiona Pwani. Ngalawa za kule zina matengo: fito mbili hukatiza juu ya chombo na kutokeza nje pande zote mbili, na kila upande, kwenye ncha za fito, hufungwa ubao. Chombo kikitaka kulala, ubao unagusa maji na kukikataza. Nilizitazama ngalawa hizo miaka sita nikiwa nimekaa mchangani, na katika miaka hiyo sita sikumwuliza mvuvi hata mmoja ule ubao unakaaje.

Badala ya ubao niliwaza paipu pana za plastiki, zile za maji machafu, zilizozibwa ncha zote mbili ili hewa ibaki ndani. Fito nilizitafuta kwenye vyuma chakavu, Eneo la Viwanda Thika, kwa sababu chuma cha kawaida kingeizamisha kayaki. Nilipata bomba refu la alumini, jepesi. Tatizo ni kwamba mtu mwingine alilishika ncha ya pili wakati huo huo. Tulivutana bila kusemezana. Aliniuma mkono, nami nikamkanyaga vidole hadi akaachia. Muuzaji alikuwa kando yetu akivunja friji kwa shoka, na hakupunguza hata pigo moja.

Kazi ya kufunga nilimpa fundi wa paipu kutoka Mwiki, mtu mfupi mwenye maneno mengi, ambaye maisha yake yote ameyatumia kupeleka uchafu wa magorofa chini ya ardhi. Alifunga fito kwa bolti, akaweka vipande vya tyubu ya baiskeli chini yake ili plastiki isipasuke. Ilikuwa kazi safi. Kisha akaning'iniza paipu, na nikaona ncha za mbele ziko chini kuliko za nyuma. Nikamwambia zimeinama.

"Hiyo ni mteremko, mkubwa," alinijibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Paipu bila mteremko ni dhambi. Uliza magorofa zote za Mwiki kama kuna choo yangu imewahi kurudisha."

Nilimkumbusha kwamba ndani ya paipu hizi hakuna kitakachopita. Akasema leo hakipiti, kesho je? Mkono wake ulikuwa umezoea mteremko, na haukujua kufunga paipu kwa namna nyingine. Ningeweza kumlazimisha. Lakini ilikuwa Ijumaa, na nilipojaribu kukumbuka matengo ya Kilifi yalivyokaa, nilikumbuka rangi zake tu. Nikamwacha.

Jumamosi asubuhi ndugu yangu alikaa ndani ya kayaki, akafunga fundo ile suruali ya upande usio na mguu, na kuitikisa kayaki kwa makusudi kulia na kushoto. Haikupinduka. Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi hakunitukana. Akaanza kupiga kasia.

Mradi alikwenda polepole, mambo yalikuwa sawa. Lakini ndugu yangu hajui polepole. Alipokaza kasia, ncha ya mbele ya paipu ya kushoto, ile iliyoinama, ilichimba maji kama jembe. Ikazama na kuivuta kayaki yote. Chombo kiligeuka kwa mkupuo mmoja, na yeye akatupwa kichwa chini. Hakuibuka. Nilichoona ni kayaki ya manjano imelala ubavu, paipu moja hewani, na mguu mmoja ukipiga maji kama mkia.

Niliogelea. Sikumbuki kuvua viatu, na nilipotoka viatu vilikuwa miguuni. Chini ya maji nilikuta fundo la suruali yake limenasa kwenye bolti, ncha ya bolti ambayo fundi hakuikata. Alikuwa akining'inia hapo kama mbuzi kwenye ndoano ya buchari. Nilipomgusa alinishika shingo na kunivuta chini.

Tangu jiwe limchukue mguu, ngumi za ndugu yangu zilikuwa zikimwangusha yeye mwenyewe. Majini hakuna kuanguka. Alinipiga sikio, akanipiga koo, akanikwaruza jicho kwa kucha, na kila pigo lilifika. Nilielewa waziwazi kwamba ataniua na kisha afe yeye, na mama atazika wawili. Nikakunja ngumi na kumpiga puani. Sikumpiga kama unavyompiga ndugu. Nilimpiga kwa nia ya kumvunja, mara tatu, hadi maji yakawa mekundu mbele ya macho yangu na mikono yake ikalegea. Nikairarua suruali, nikamvuta kwa nywele hadi juu.

Kwenye mawe alitapika maji na damu. Pua ilikuwa imehamia upande. Mimi jicho moja lilikuwa halifunguki.

"Umenipiga," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Nani alikufunza?"

"Ni wewe."

Akaitikia kwa kichwa, akaushika ule mwamba wa pua, akaurudisha katikati kwa mkono wake mwenyewe. Ulitoa sauti ambayo bado naisikia. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kayaki, iliyokuwa ikielea mbali kidogo. "Hizo paipu zinaangalia chini," akasema. "Hata kipofu ataona. Muru wa maitu, wewe umezunguka Kenya mzima ukitafuta nini, kama hukuona hiyo?"

Muru wa maitu ni mwana wa mama yangu. Alikuwa hajaniita hivyo tangu nilipoondoka nyumbani mara ya kwanza.

Kazi ya pili aliifanya mwenyewe. Kutoka chini ya kitanda alitoa pima maji yake ya zamani, ile ya ujenzi, yenye kioo kidogo na kiputo cha hewa ndani. Mpasuaji mawe hawezi kuvumilia kitu kilichoinama bila sababu. Fundi wa Mwiki alikuja akasimama kando, akilalamika kwamba tunaharibu kazi, na ndugu yangu akamwambia kwamba akisema neno mteremko tena atamnywesha shimo lote. Tulifungua kila kitu. Paipu tukazilaza sawa, ila ncha za mbele zikainuliwa upana wa kidole. Kisha ndugu yangu alikaa ndani ya kayaki kwenye maji ya kina kifupi, wima, nami nikapima: tukaziinua zikae vidole vinne juu ya maji, ili zisiguse chochote mpaka chombo kianze kulala. Bolti tulizikata kwa msumeno na kuzivika mpira wa tyubu. Nilimletea pia jaketi la kuelea, nikitarajia vita. Alilivaa bila neno.

Siku kumi zilikuwa zimepita kitambo. Ilikuwa karibu wiki tatu tangu kayaki impindue mara ya kwanza, na ilikuwa asubuhi ya jua kali. Alipiga kasia kwa nguvu kama kawaida yake. Paipu ya kushoto iligusa maji, ikateleza, ikainuka. Alifika katikati, akasimamisha kayaki juu ya jiwe lake, mahali ambapo maji ni meusi. Alivua kwa saa nzima. Alipata kambare mmoja mrefu kama mkono, akamvuta ndani na kumvunja kichwa kwa mpini wa nyundo: mapigo mawili, la tatu la ziada.

Nilidhani sasa atarudi. Badala yake alikamata kasia kwa mikono miwili, akaliinua juu ya kichwa, akaanza kuyapiga maji.

Aliyapiga kama alivyokuwa akiupiga mwamba, kutoka begani, kwa mwili wote. Kila pigo liliilaza kayaki, na kila mara paipu ilishuka, ikagusa, ikakataa. Kuta za shimo zilirudisha mlio kana kwamba machimbo yamefunguliwa tena. Sikumwita. Miaka yote hiyo hakuwa amepiga kitu bila kuanguka. Alipiga mpaka kasia likakatika, akaendelea na kipande, mpaka kipande nacho kikamponyoka.

Alirudi akitumia viganja badala ya kasia, polepole sana, viganja vyote viwili vikivuja damu, kambare akiwa juu ya paja lake moja. Niliingia majini hadi kiunoni ili nikishike chombo. Akaniambia nisogee karibu zaidi, ana kitu cha kunipa. Nikadhani ni samaki.

Ngumi ilinipata kwenye taya. Ilikuwa ngumi ya zamani kabisa, ile ya kofia. Kayaki ililala, paipu ya kushoto ikagusa maji, na ndugu yangu akabaki ameketi wima. Aliyeanguka nilikuwa mimi.