Samaki wa Kigongo hana nyama

Jamani, leo nimetema chakula mbele za watu!

Mnajua tangu tustaafu, mimi na mzee wangu kila Alhamisi tunaendesha hadi Kigongo, tunatazama kivuko kikienda Busisi na kula sangara. Siku zote yeye ndiye hunichambulia, maana miiba naiogopa.

Leo alichelewa kuegesha gari. Njaa ikaniuma, nikaanza mwenyewe.

Nikageuza samaki. Kichwa, uti wa mgongo, mkia. Basi! Na mafuta yananuka kama yamekaangiwa wiki nzima. Ptuu!

Nikamwita mama ntilie.

"Hayo ni mapanki, mama," akasema bila hata aibu. "Tangu viwanda vya samaki vije, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tunauziwa mifupa."

Nikaisukuma sahani pembeni. Mzee alipofika nikamrukia: "Yaani unanileta huku kula takataka?"

"Mbona umekula takataka hizo mwaka mzima, Mama Neema," akajibu taratibu. "Ile nyama kidogo ya mashavuni nakuwekea wewe."

Kumbe yeye alikuwa anafyonza mifupa.

Mngemjibu nini? Maana mimi kila Alhamisi namsema kuwa ni mlafi wa vichwa.