Kioo cha Milimita Nne

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Matogoro, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni nesi. Nilihamishiwa hapa Songea kutoka Bukoba baada ya kumzika mume wangu, na katika vitu vyake nilikuja na kimoja tu: darubini. Jioni moja ya Julai, giza ndiyo kwanza linaingia, nilikuwa kibarazani naulenga mwezi, najaribu vile vioo vidogo vya kuchungulia, vinavyochomekwa upande wa jicho. Enzi zake alikuwa anavichagua yeye. Mimi kila nikiinama, pumzi yangu inakitia kioo ukungu kwa ile baridi.

"Hodi, mwanangu."

Mzee mwenye koti refu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaisogelea darubini kama mwenyeji.

"Umeanza na kikali mno," akasema. "Hicho cha milimita nne kinakuza sana, mwezi unafifia na kutikisika. Weka cha ishirini na tano, uupate wote. Halafu ndiyo uweke cha kumi."

Nikafanya hivyo. Niamini, sijawahi kuuona mwezi ukiwa safi namna ile! Naye akachungulia, muda mrefu. Nilipoinama baada yake, kioo kilikuwa kikavu, hakina hata alama ya pumzi. Ningekimbia, sivyo? Sikukimbia. Ungekuwa na miezi hujaketi na mtu jioni, wewe ungemfukuza?

Akakichomeka mwenyewe kile cha milimita nne.

"Hiki si cha mwezi," akasema taratibu. "Ni cha mtu wako. Tazama."

Nikatazama. Nikaona baraza letu la Bukoba, mchana kweupe, na mume wangu ameketi na shati lake la bluu, amenipa mgongo. Shingo ikaanza kugeuka. Nikapiga kelele, nikaondoa jicho kwenye kioo.

"Ungesubiri ageuke," mzee akasema. Nilipoinua uso, hakuwepo.

Asubuhi jirani yangu, Mama Komba, akaniuliza, "Jana ulikuwa unaongea na nani? Nilisikia sauti yako tu."

Kabla ya jioni ile nilikuwa namwota mume wangu mara kwa mara, tunaongea, anacheka. Sasa nikimwota nauona mgongo tu. Namwita, hageuki. Kwa hiyo wewe uliyefiwa, mgeni akitaka kukuonyesha mtu wako, kataa, hata kama upweke unakuua. Ndoto ulizo nazo zinakutosha.