Kitufe cha Kijani

Kazi yangu ni kutengeneza ukurasa wa kwanza, ule anaoukuta mtu siku anapofungua programu ambayo hajawahi kuigusa. Ofisi yetu iko Kicukiro, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wengi hudhani kutwa nzima nachagua rangi. Ukweli ni kwamba kutwa nzima nawaza aibu ya mtu mzima. Anayeanza haiogopi kompyuta, anamwogopa aliyesimama nyuma ya bega lake. Maneno hayo niliwahi kuyasema mkutanini, wenzangu wakayaandika. Mganga hajigangi.

Mama yangu alikuwa karani wa parokia moja ya Gikondo. Kwa miaka mingi aliandika kwa mkono vitabu vya ubatizo na vya ndoa, kwa mwandiko ulionyooka hadi mapadre wageni wakadhani umechapwa. Hakufungua ukurasa wa pili kabla hajausoma wa kwanza hadi chini. Alisema jina likikosewa pale, mwenye jina atahangaika nalo mpaka siku ya harusi yake. Kisha parokia ikaamua kumbukumbu zote zihamie kwenye kompyuta, na programu waliyoichukua ilikuwa yetu. Paroko akamwambia kwa upole kwamba ana muda hadi Pasaka wa kujifunza kuitumia. Asipoweza, atatafutwa mwingine, yeye apumzike.

Mama hakutaka kupumzika. Aliniambia hivyo akichambua maharage, kwamba akikaa nyumbani atazeeka kwa wiki moja. Nikacheka, nikamwambia asihofu, mlango wa programu hiyo naujenga mimi mwenyewe. Siku hizo nilikuwa natafuta watu wa kuujaribu ukurasa wangu. Nikaona tutafaidi sote wawili, yeye atajifunza, nami nitapata mtu wa kujaribu naye.

Alikuja ofisini Jumamosi, amevaa kitenge chake cha Misa, na daftari kwenye mkoba.

Majaribio yetu yana desturi yake. Unakaa nyuma ya mtu, unanyamaza, unaandika kila anapokwama. Humsaidii, maana ukimsaidia hutajua ukurasa wako umeshindwa wapi. Akikuuliza, unamrudishia swali. Nilimweleza Mama hayo haraka haraka, akaitikia kwa kichwa kama anavyomwitikia padre.

Akaanza kusoma. Alisoma kichwa cha habari, akasoma makaribisho yangu marefu na vidokezo vya pembeni, akateremka hadi maandishi madogo ya chini kabisa kuhusu haki za kampuni, ambayo nina shaka kama hata mwanasheria aliyeyaandika aliwahi kuyarudia. Vyote akavinakili kwenye daftari. Kitufe cha kuanzia kilikuwa katikati, kikubwa, cha kijani. Hakukigusa. Kwake kukigusa kulikuwa sawa na kutia sahihi kabla ya kusoma. Mimi nyuma yake niliandika mbio mbio, na nakiri nilikuwa na furaha. Hakuna aliyewahi kunionyesha kosa langu waziwazi namna ile. Maneno yalikuwa mengi mno.

Mwishowe akageuka. Nyumbani tunaongea Kiswahili cha Bujumbura, alikonilea, na ndicho alichotumia.

"Sasa nifinye wapi, mwanangu?"

Nikajibu kama nilivyofunzwa kazini. "Wewe unafikiri ufinye wapi, Mama?"

Kwetu mtu hamrudishii mzazi swali. Hilo mtoto wa miaka mitano analijua. Mama alinitazama, akaitazama kalamu yangu, akawatazama wenzangu wawili waliokuwa meza ya pili. Kisha akaigeukia skrini. Hakuuliza tena. Alihangaika peke yake mpaka muda ukaisha, akanishukuru kama anavyomshukuru mtu wa benki. Kutoka kiti changu hadi chake ilikuwa hatua moja, na sikuinuka.

Jioni ile nilimwomba radhi, nikamwambia nitamfundisha polepole, sisi wawili tu. Akasema asante, ameshaona kwamba hayo ni mambo ya vijana. Nikamwamini, kwa sababu kumwamini kulinirahisishia. Pasaka ilipofika alirudisha funguo za kabati la vitabu.

Ukurasa wangu nao ukapona. Nilifuta karibu kila neno, nikaacha kitufe na mstari mmoja chini yake: ukikwama, uliza, hakuna swali la aibu. Ukasifiwa sana. Karani mpya wa parokia aliielewa programu kwa asubuhi moja tu. Aliyeniambia ni paroko mwenyewe, akidhani ananifurahisha, nami nikaenda chooni nikalia.

Mama bado anaishi nami. Simu yake ikimsumbua, anavuka kwenda kwa jirani, mama mmoja aliyekulia Uganda, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Wanaelewana vizuri. Mimi ninayelipwa kwa kuwaelekeza watu nisiowajua, haniulizi kitu.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta kadi yake ya bima kwenye droo, nikalikuta daftari lile. Ukurasa wangu wa zamani wote umo, hadi haki za kampuni. Kila alipokwama amechora msalaba mdogo, alama aliyoiweka vitabuni penye jina la shaka. Kando ya msalaba wa mwisho ameandika: "Hapa nilimuuliza. Yuko ku kazi."

Nilidhani ndiyo mwisho. Nikafunua. Kurasa zilizofuata alikuwa amechora skrini kwa rula, moja kila ukurasa, na kitufe katikati kimepakwa kijani. Juu ya kila mchoro kuna tarehe. Alikuwa amefanya mazoezi kwa penseli, chumbani kwake, siku baada ya siku hadi Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka, na kompyuta yangu ikiwa sebuleni.

Nilimfuata uani alipokuwa anachambua maharage, nikakaa kwenye mkeka karibu yake, daftari mkononi. Nilitaka kusema mengi. Hakuinua macho.

"Uko ku kazi," akaniuliza, "ama umekuja tu?"

Nikasema nimekuja tu, Mama. Akanisogezea sinia, tukachambua pamoja, hata moyo ukaanza kutulia. Kisha simu yake ikaleta ujumbe. Akaitazama, akaigeuzageuza, akajifunga kitenge vizuri, akainuka akavuka nayo kwenda kwa jirani.