Miti Tuliyoiangusha Kuelekea Mlimani

Siku ya kwanza kazini nilisemwa mbele ya watu. Ilikuwa Makambako, asubuhi ya ule upepo unaokata masikio. Bwana Misitu alinikabidhi nyengo, lile panga la kichwa kilichopinda, akanionyesha ukingo wa kinamasi, akasema nipunguze vichaka. Mimi na darasa langu la nne, mikono imezoea shamba, nikaanza kung'oa. Nilitoa mpaka mizizi, nikapanga mafungu mazuri.

Akaja akasimama kichwani pangu. "Mama, hapa unapalilia mahindi?"

"Nasafisha, Bwana Misitu."

"Kama ni kusafisha, Jumamosi nenda ukafagie kanisa. Hapa hatusafishi."

Alichutama, akanionyesha pale nilipong'oa. Tope lilikuwa limeshaanza kuteremkia majini. Akanifundisha palepale, na nyie wajukuu mnaotaka kazi hii mshike. Kupogoa ni kupunguza matawi, mti ubaki na kichwa chake. Kufyeka ni kukata majani ya juu, mizizi ibaki imeshika udongo. Kung'oa ni kutoa mzizi, na kwenye ukingo wa maji hatung'oi. Mita sitini kutoka ukingoni hulimi, huchomi moto, hukati hata fimbo bila kibali cha serikali ya kijiji. Mmea mmoja tu tuliuondoa bila huruma: mlingoti, yaani mkaratusi. Huo unakunywa maji kama mtu aliyeamka na pombe ya ulanzi ya jana. Hata huo tuliukata tu, kisiki tukakimenya gome kisichipue, tukakiacha kioze ardhini.

Kutoka Makambako nilihamishiwa Mjimwema, chini ya Afisa Mazingira, mama mmoja wa maneno machache asiyevua mabuti. Kazi ya huko ilikuwa vinyungu, yale matuta ya bondeni watu wanayolima kiangazi. Wengine walikuwa wameyasogeza mpaka kwenye jicho la maji. Kuwarudisha nyuma ni kugombana. Yule mama aliniambia, "Usibishane na mtu aliyeshika jembe. Mngoje alitue." Nilingoja sana, na wengi walilitua.

Halafu nikapelekwa upande wa Kifanya, kwenye kijiji nilikoolewa. Ndipo ilipokuja kazi ninayojivunia mpaka leo.

Kile kijiji kilikunywa maji ya bomba yanayoteremka yenyewe kutoka kwenye kinamasi cha juu. Kiangazi bomba zilikuwa zinakohoa tu, wanawake wanashuka bondeni na ndoo. Mkutano wa kijiji ukaamua: milingoti yote ndani ya mita sitini iondoke, mbao ni za mwenyewe. Kila mtu akakata yake. Likabaki shamba la Alfonsi, mdogo wa marehemu mume wangu.

Alfonsi hakukataa kukata. Tatizo lilikuwa namna ya kuitoa. Miti yake ilikuwa mirefu, imenyooka, inafaa nguzo za umeme, na nguzo ukiikata vipande si nguzo tena. Nayo ilikuwa imeinamia kinamasini. Ukiiangusha inavyotaka, inazama topeni, na bila trekta haitoki. Trekta nalo likiingia kinamasini, magurudumu yanachimba mfereji, maji yanafuata mfereji, kinamasi kinakauka. Ile ilikuwa miti ya uzee wake, na yale yalikuwa maji ya kijiji kizima.

Mtendaji wa Kijiji akanivuta pembeni. "Mama, tumruhusu. Ni mara moja tu."

"Kinamasi hakijui mara moja," nikamjibu. "Trekta halipiti."

Alfonsi alikuwa anasikia. Akacheka kwa hasira. "Basi shemeji, ivute wewe kwa mkono. Kumbe kaka yangu alileta nyumbani ng'ombe wa kulimia, sisi tukadhani mke."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa amenipa dawa bila kujua.

"Nitaivuta," nikamwambia. "Jumamosi njoo na kamba. Usipokuja, nitaanza kukuvuta wewe."

Nikaitisha mgowe. Mgowe ni kazi ya pamoja: mwenye kazi anapika chakula na pombe, watu wanamfanyia, na kesho naye anaitika wakimwita. Mimi migowe ya watu sikuwahi kuikosa, hata nikiwa na mimba. Nikapika pombe ya komoni, nikamwambia kila mwenye nyumba, Jumamosi ni zamu yangu.

Walikuja mpaka mlima ukajaa. Alfonsi alikuja na kamba begani na uso umekunjamana. Mkwe wake akapanda mti wa kwanza, akafunga kamba juu. Fundi wa msumeno akakata mdomo, yaani lile pengo la upande unaotaka mti uangukie, akalielekeza mlimani. Sisi tukaishika kamba kule juu, pakavu.

"Huo mti usipotii," Alfonsi akaniambia, "usiniite shemeji tena."

"Shika kamba, acha kuongea."

Mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo, tukavuta. Mti ukalia. Ukayumba kuelekea majini, kamba ikatuburuza, wanawake wakateleza kwenye majani, nikaanguka magoti. Hakuna aliyeachia. Fundi akaongeza msumeno nyuma, tukavuta tena, ule mti ukasimama wima kama unafikiri, kisha ukaja mlimani kwa kishindo.

Alfonsi akautembelea kutoka kwenye shina mpaka ncha, anaupapasa kama ng'ombe wa kununua.

"Haujapasuka," akasema. Kisha akatugeukia. "Mnangoja nini? Leteni kamba."

Tangu hapo msimamizi akawa yeye, anafoka kuliko mimi. Miti yote ililala mlimani. Trekta liliisubiri juu barabarani, magurudumu makavu. Ukingoni tukapanda mivengi, mti unaopatana na maji.

Kiangazi cha pili bomba la chini kabisa lilikuwa linajaza ndoo kabla mwenye ndoo hajamaliza umbea wake. Afisa Mazingira alikuja kuona, akanywa kwa kiganja, akasema, "Haya." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Nilistaafu, nikarudisha nyengo. Vijana mnaniuliza kazi ile iliniachia nini. Nitawaambia. Mwaka huu tawi la mvengi limeshuka kwenye njia yangu ya shambani, linanikwaruza kitambaa cha kichwa. Nikaenda na panga. Sijalinyanyua, nikasikia nyuma yangu:

"Shemeji, kibali kiko wapi?"

Alfonsi, siku hizi mjumbe wa kamati ya mazingira.

"Kibali gani? Mti nimeupanda mwenyewe."

"Uliupanda ukiwa kazini. Sasa wewe ni mwananchi."

Nikaenda kuomba. Kamati ikaja, ikalitazama tawi, ikanikatalia: tawi halina kosa, bibi apite akiinama. Kwa hiyo napita nikiinama, na kila nikipita nacheka peke yangu.