Kulinywesha Maji Daraja la Mto Sio

Nilitoka Tororo na hasira. Binti yangu Zaituni alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, na mumewe Hamisi, fundi wa zege, alituma salamu tu kutoka mto Sio: hawezi kuja siku ya saba kumpa mtoto jina, daraja halimruhusu. Daraja! Nikasema nitamleta mwenyewe, hata kwa kumvuta sikio.

Asubuhi nilidandia lori la pamba hadi Busia. Njia nzima nilikuwa nikichagua matusi ya kumpa.

Kutoka Busia nilitembea hadi mtoni. Kila masika mto ule ulisomba daraja la magogo, na sasa serikali ya Mwingereza ilikuwa ikijenga la zege. Nilimkuta Hamisi juu yake, ndoo mkononi, akimwagia maji magunia yaliyotandazwa daraja zima.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Unaogesha magunia, na mwanao hana jina?"

Akafunua gunia moja taratibu, kama afunuliwavyo mtoto aliyelala. "Ndani mna nondo za chuma, Baba, lakini zege bado changa. Likikauka upesi linapasuka. La kwanza aliachiwa mlinzi, akalala. Jua likalipasua, tukalivunja lote." Kisha akauliza, bila kunitazama, "Mtoto anafanana na nani?"

Machozi yalimlenga. Matusi yangu yote yaliniishia mdomoni, maskini kijana wa watu. Nikampokonya ndoo.

"Nenda nyumbani. Nitalinywesha mimi."

Msimamizi wa ujenzi akakubali, mradi magunia yasikauke.

Jioni, Nabwire, mkulima wa Kisamia aliyekuja kuteka maji, alinicheka mpaka akatua mtungi. "Mzee nachota maji kama bibi harusi!" Kesho yake alirudi na wenzake, kila mmoja na mtungi wake. "Daraja ya magogo ilivunjika na dada yangu juu yake," akaniambia. "Hii sisi nalea pamoja."

Siku ya saba ilinipitia huko huko, miguu ndani ya maji. Niliumia, sitaficha. Nilitaka sana kuwapo.

Hamisi aliporudi alifunua gunia, akagonga zege kwa nyundo, akasikiliza, akatabasamu: hapana ufa. Nami nikashika njia ya Tororo. Siku zote nilidhani daraja hujengwa kwa nguvu, kumbe hulelewa.

Nyumbani Zaituni alinipakatisha mtoto, akaniambia amepewa jina langu. Kisha akaona viganja vyangu vilivyoliwa na saruji.

"Baba, mbona mikono imepasuka hivi?"

"Mikono tu, mwanangu," nikamjibu. "Mikono tu."