Pale Wimbo Unaposimama

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wakikauka juani hunikumbusha betri. Najua ni ajabu. Lakini kwetu Muhuru Bay, Dani, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akianika betri za redio pembeni mwa wavu wa omena ili zipate nguvu tena. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza na kufukuza kuku. Mimi ni mtu wa aibu, mbele za watu sauti hunipotea, lakini kuku niliwafokea kama chifu.

Betri zikishapata moto, Dani alicheza kaseti yake moja tu. Ilikuwa benga, muziki wetu wa gitaa, imerekodiwa kwenye sherehe kule Macalder kabla sijazaliwa. Ilijaa mikwaruzo, vicheko, chupa zikigongana. Halafu katikati bendi inanyamaza na mwanamume mwenye sauti nzito anajisifu, maana kwetu Wajaluo mtu huweza kusimamisha muziki ili ajitape yeye na mpenzi wake.

"Mimi ndiye bwana wa Nyar Karungu! Akianika omena, hata ndege wanakuja na heshima!"

Nyar Karungu, binti wa Karungu, ndiye Dani. Na huyo bwana alikuwa babu, ambaye ziwa lilimchukua nikiwa bado nabebwa mgongoni. Hata picha yake hatukuwa nayo. Kila akijisifu, Dani alimjibu, "Muongo huyu!" ndipo gitaa zikaanza tena.

Redio ilipoanza kuila kaseti, anko Ouma aliibeba kaseti hiyo hadi Migori mjini wimbo uwekwe kwenye flashi. Alirudi na spika mpya, ndogo kama kopo la chai, na uso umejaa fahari.

"Mama, sikiza! Kijana wa duka ameutambua wimbo papo hapo, akautoa kwa mtandao. Safi! Hakuna kelele hata kidogo."

Tukaketi. Gitaa zilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Dani aliinamisha kichwa, akingoja. Wimbo ukafika pale. Ukapita.

"Na yeye ako wapi?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Mwenye kelele."

Anko alirudi mjini mbio. Alikuta dukani wameshachoma takataka, na kaseti ilikuwa humo. Aliporudi alishindwa hata kuketi. Dani hakumgombeza. Alimwuliza tu kitufe cha kusimamisha wimbo ni kipi.

Kesho yake alasiri akaucheza. Ulipofika pale, akabonyeza. Kimya. Nikajua spika imeisha moto. Nikainyakua, nikakimbia, nikaianika katikati ya omena, nikaanza kuigeuza upande huu na huu.

Dani alicheka mpaka akapangusa macho kwa leso.

"Nyakwara, mjukuu wangu, si ungengoja kwanza amalize?"

Nilidhani anamsema mwimbaji.

Sasa niko kidato cha tatu. Bwenini wenzangu hubishana: kaseti zilishakufa, simu ina kila wimbo duniani. Kila wimbo, sawa. Lakini sauti ile ya babu nimeitafuta kwenye simu ya mama mpaka chaji ikaisha.

Likizo nikifika nyumbani, Dani bado hubonyeza pale pale. Naacha omena, naketi karibu naye, na sigusi kitu. Nangoja babu amalize.