Abiria wa Mwisho wa Stesheni ya Taifa

Mpaka leo nikikaribia ule ukumbi wa mikutano hapa Kitengela huwa navuka barabara na kupita upande wa pili, kama mtu anayemkwepa mwenye duka, kwa sababu ndani ya ukumbi huo nilijiaibisha kupitia maikrofoni, na spika mbili zilikuwa zimetolewa nje, kwa hivyo hata wauza mitumba walinisikia. Wengine wakinikuta hunicheka kidogo halafu hunyamaza. Mtanicheka pia, na mkinyamaza nitaelewa.

Nitaeleza polepole, maana kazi yangu ni kueleza polepole. Mimi ni mwalimu wa kuendesha gari. Niko na kibao changu cha mji wa kuigiza, kile chenye barabara zilizochorwa na vigari vidogo vya plastiki, na kwa hicho kibao nimewatoa woga watu wengi wa Noonkopir na Isinya. Sipigi mtu kelele. Gari likizima katikati ya barabara na malori yanapiga honi nyuma, mimi husema tu, "Tumetulia? Haya, klachi, gia ya kwanza, polepole." Ubaya wa mtu anayeeleza vizuri ni kwamba akishapigiwa makofi mara kadhaa huanza kuamini anaweza kueleza kila kitu, hata mambo asiyoyajua (mimi ndiye huyo).

Wakati huo kulikuwa na pendekezo kwamba kila nyumba yenye televisheni ilipe ada ya lazima kila mwaka, pesa ziende kwa stesheni ya taifa, uiangalie usiiangalie. Kamati ikatangaza itakuja Kitengela kukusanya maoni ya wananchi. Mimi nilipinga kabisa. Nikaanza kuandaa hotuba, naifanyia mazoezi mbele ya kioo cha gari, na katikati ya shughuli hiyo simu yangu ikaibiwa siku ya soko la mifugo. Nilienda kurudisha laini yangu, nikakuta foleni imetoka nje ya duka na kupiga kona, na kwa vile hotuba ilikuwa inanisubiri nikaamua (huu ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivi, ushikeni) ninunue laini mpya pale nje kwenye mwavuli, ile ya zamani nitairudisha wiki ijayo. Namba za watu wote zikaenda na simu, na ya Shangazi Mbula ikiwemo.

Shangazi Mbula ndiye aliyenilea, kule Rombo karibu na mpaka wa Tanzania, baada ya wazazi wangu kufariki. Alilima vitunguu. Televisheni yake ilishika vizuri stesheni moja tu, hiyo ya taifa, na saa moja jioni ikifika kila kitu nyumbani kwake kilisimama. Hata ng'ombe akitaka kuzaa ilibidi angoje habari ziishe. Kila Jumapili nikimpigia simu alianza na swali moja, "Uliona habari?" nami nilijibu, "Niliona, Shangazi," na sikuwa nimeona lolote, nilikuwa naangalia mpira kwenye simu. Alifurahi sana na hilo jibu. "Vizuri," alikuwa akisema, "basi tulikuwa tunaangalia pamoja." Niambieni, mngemwambia nini mama kama huyo?

Siku ya mkutano ikafika, siku ya Alhamisi. Nilipotoka kwenye ploti ninayoishi, askari wa geti, ambaye ana televisheni ndogo ndani ya kibanda chake, alinishika mkono na kusema, "Pole sana, mwalimu." Nikajua amesikia habari ya simu yangu. Nikamjibu kwa furaha, "Asante, lakini hivyo ni vitu vya dunia tu, nitatafuta ingine mpya." Akarudia, "Ingine?" "Ee, hata nzuri kuliko ile!" Nikaenda zangu na kibao changu kwapani, nikimwacha amesimama mdomo wazi.

Nilikuwa nimemwalika Mama Wanjiru aje anishangilie. Yeye anauza mapazia mjini, ni mwanafunzi wangu, ameanguka mtihani wa barabara mara mbili na sijawahi kumkatia tamaa. Tukaketi safu ya kati. Fundi mmoja wa viti alisimama akapinga ada: "Mimi nalipa stima, nalipa king'amuzi, sasa mnataka nilipe pia ndio nione mkubwa akikata utepe?" Watu wakavunjika mbavu. Halafu akasimama mama mzee wa Kimaasai aliyeitwa Mama Nasieku, shanga zake zikilia kidogo, akasema, "Huku kwetu ndani mtandao hakuna. Mtu wetu akipotea, akikufa, tunapeleka jina huko. Hizo stesheni zingine zenu za muziki, zitatangaza mtu wangu amepotea?" Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa napanga vigari vyangu, sikumsikiliza vizuri.

Zamu yangu ikafika. Nikataja jina, "Naitwa Musyoka, mwalimu wa kuendesha gari hapa Kitengela," na minong'ono ikapita ukumbini kutoka safu ya mbele hadi mlangoni. Nilidhani sifa zangu za ualimu zimenitangulia. Nikanyoosha shati.

Nikaweka kibao mezani, nikainua kigari kikubwa zaidi. "Ndugu zangu, hili ni basi la serikali. Halina abiria. Kila mtu ana gari lake, wengine wanatembea kwa miguu. Je, ni haki kila mmoja wetu alazimishwe kununulia petroli basi lisilobeba mtu?" Makofi! Fundi wa viti alisimama kabisa. Mama Wanjiru akapiga kigelegele. Makofi yakaniingia kichwani, nikaongeza swali ambalo halikuwa kwenye hotuba, "Hebu nani hapa aliangalia habari za stesheni hiyo jana saa moja jioni? Inueni mikono, msione haya!"

Mikono ikaanza kuinuka. Mmoja, mwingine, safu nzima ya wazee, wamama wa soko. Hawakuinua kwa kujigamba. Walikuwa wakiniangalia vile watu huangalia gari linalorudi nyuma kuelekea mtaroni, na dereva amefunga madirisha.

Mwalimu mwenye akili angekanyaga breki hapo. Mimi nikakanyaga mafuta. "Sawa, ni hawa," nikasema nikicheka, "na wa mwisho ni shangazi yangu kule Rombo. Huyo ndiye abiria wa mwisho wa basi hili. Siku huyo mama akifunga macho, zimeni mitambo muende nyumbani!"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu!" Hata fundi wa viti, aliyekuwa ameanza kucheka, alivutwa shati na jirani yake akanong'onezwa kitu, akaketi akainamisha kichwa.

Mama Nasieku akaja mbele. Nikamsalimu kwa heshima kwa Kimaasai, "Takwenya, yieyo," kama mtu anayemwamkia mama yake, na yeye akaitikia "Iko," kwa sauti ya chini, akachukua maikrofoni mkononi mwangu na kuilaza kwenye kibao katikati ya vigari. Alitaka tuongee peke yetu. Hakujua kwamba kuilaza si kuizima, na hakuna aliyeinuka kuizima.

"Wewe ndiye Musyoka wa Mbula?"

"Ndiye."

"Na haujaambiwa."

"Kuambiwa nini?"

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Walisoma jina yako Jumanne. Musyoka wa Mbula, mwalimu wa gari Kitengela, popote uko, rudi nyumbani Rombo haraka, shangazi ni mgonjwa sana. Jana wakasoma tena."

"Jana wakasema nini?"

Alinibana mkono tu. Na mimi, kwa kuwa ni mtu wa kutaka jambo lielezwe hadi mwisho, nikauliza tena kwa sauti kubwa zaidi, "Wakasema nini jana, yieyo?" na sauti yangu ikatoka kwenye spika za nje na kurudi kupitia dirishani imechelewa kidogo, kama ya mtu mwingine.

"Walisema amepumzika, kijana yangu."

Unajua nilifanya nini? Nilianza kukusanya vigari. Kimoja kimoja, navitia kwenye mfuko wake, kama ninavyofanya darasa likiisha. Mwenyekiti wa kamati naye alichanganyikiwa, akasema lile neno alilokuwa akimwambia kila mtu tangu asubuhi, "Asante kwa maoni yako, mwalimu," na kwa mazoea watu wawili watatu wakapiga makofi, wakashtuka, wakaacha. Ndipo nikamkumbuka askari wa geti, na nilichomjibu. Ingine mpya. Nzuri kuliko ile.

Mama Wanjiru alinishika kiwiko hadi nje, akanyoosha mkono. "Lete funguo."

"Mama Wanjiru, Rombo ni mbali, na wewe bado..."

"Mwalimu, wewe sasa hivi hata baiskeli huwezi. Keti upande wa mwalimu na uwe mwalimu. Funguo."

Hivyo ndivyo nilivyosafirishwa kwenda matangani na mwanafunzi, ndani ya gari lenye herufi L mbele na nyuma na maandishi ubavuni yasemayo JIFUNZE BILA WOGA. Tulishika njia ya Isinya, tukakatiza Konza, tukatokea Emali na kuteremka kuelekea Loitokitok, malori yote ya dunia hii yakitupita. Gari likazima kwenye mlima mmoja, nyuma yetu honi, na nikasikia sauti ya Mama Wanjiru, inatetemeka kidogo, "Tumetulia? Haya. Klachi. Gia ya kwanza. Polepole." Hapo ndipo nilipolia, nikiwa nimekumbatia kibao.

Jua lilikuwa linaelekea kutua tulipopita Illasit na kufika nyumbani. Waombolezaji waliokuwa uani waligeuka wote kutazama lile gari la L likiingia kwa kurukaruka. Mutua, mtoto wa Shangazi na ndugu yangu kwa kulelewa, alinikumbatia, hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Tulikupigia simu mpaka ikachoka," alisema. "Mteja hapatikani, mteja hapatikani. Nikamwambia Mama wacha nikuje Kitengela nikutafute. Akakataa. Akasema, 'Usiniache, na hakuna haja, peleka jina kwa habari, Musyoka huangalia kila siku. Huwa tunaangalia na yeye.'"

Mutua akaendelea.

"Jumanne jioni aliniambia nimkalishe kitandani, televisheni ikasogezwa karibu. Jina lako likasomwa. Wewe, alicheka! Akasema, 'Sasa ameona. Saa hii anavaa viatu.' Akataka asilazwe, akakaa akitazama mlango."

"Alingoja?"

"Alingoja," Mutua akasema. "Mpaka asubuhi."

Jumanne jioni nilikuwa mbele ya kioo cha gari, nafanya mazoezi ya sentensi ya basi lisilo na abiria. Nilikuwa nimeridhika sana nayo.

Tulimzika Jumamosi kando ya shamba la vitunguu. Nilipoondoka Mutua alinipa ile televisheni, akasema ni yangu, mama yake alishaamua zamani. Nilisafiri nayo mapajani imefungwa kwa leso yake, Mama Wanjiru akiendesha (alipita mtihani mwezi uliofuata, na mtahini alisema hajaona mtu mtulivu kama huyo).

Watu wananiuliza siku hizi, kwa utani wakiwa na ujasiri, kama nimebadilisha maoni kuhusu ile ada. Ninawajibu kwa ukweli. Ikianzishwa, mimi nitalipa. Lakini siwezi kumwambia fundi wa viti kwamba alikuwa amekosea, maana hoja yake ilikuwa nzuri na bado ni nzuri. Mtu akishalipa stima na king'amuzi, kumlazimisha alipe tena ni jambo zito, na stesheni yenyewe inafaa iache kukata utepe kila jioni. Mama Nasieku naye hakukosea. Wanaojua zaidi yangu wapime. Nilichoapa mimi ni kimoja: sitasema tena kwamba basi halina abiria, eti kwa kuwa mimi sijalipanda. Na mkiwa na shangazi, simameni kwenye foleni mrudishe laini. Ni ndefu, najua. Simameni tu.

Televisheni yake iko kwangu sasa, Noonkopir. Saa moja jioni sifundishi mtu. Naketi, nasikiliza habari hadi kwenye matangazo, nafuatilia kila jina linalosomwa nione kama kuna mtu wa hapa ninayemjua, ili nikimbie nimwambie. Yakiisha nazima, nasema peke yangu, "Niliona, Shangazi," na siku hizi ni kweli.